Kipa Aliyesema Hakusikia

Settimio Marozzi hakuingia golini kwa kipaji wala kwa hamu. Aliingia kwa sababu ya matubwitubwi. Mwaka 1970, akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa beki wa kulia wa timu ya parokia ya Montevalle, na katika kikosi kizima hakukuwa na beki mbovu kama yeye. Miguu yake ilikuwa ikigombana yenyewe kwa yenyewe. Siku mbili kabla ya mechi na kijiji jirani, kipa wao akavimba mashavu yote mawili, akalazwa kitandani. Padri, ambaye ndiye aliyekuwa kocha, akawatazama wachezaji wake mmoja mmoja, akaona kwamba mtu ambaye pengo lake lisingeonekana popote ni Settimio.

"Kasimame pale," akamwambia, akionyesha milingoti. "Usipige mpira. Ukija ushike tu. Kushika utaweza?"

Kushika aliweza. Montevalle ni mji wa viatu, na siku hizo hapakuwa na jiko lisilokuwa na lundo la ngozi mezani. Kiwanda kilikata, wanawake wakashona majumbani kwao. Elide, mama yake Settimio, alishona jozi thelathini kwa siku, na tangu mtoto alipofikisha miaka saba alimkalisha upande wa pili wa meza amvutie uzi wa nta. Kwa miaka mitano vidole vyake vikawa kama koleo. Siku ile alidaka mipira ya kijiji jirani kama mtu anayepokea mkate dukani, bila haraka na bila furaha yoyote usoni. Wakatoka sare bila kufungana. Yule mgonjwa alipopona akakuta nafasi imekaliwa, akajiunga na bendi ya mji, na watu wa Montevalle husema alikuja kuwa mpiga tarumbeta mzuri sana.

Guerrino, baba yake, aliyekuwa mkata soli kiwandani, hakuona fahari. "Kipa ni mtu anayesimama tu," alisema.

"Bora asimame huko," Elide akajibu bila kuinua macho kwenye kiatu, "kuliko akae hapa kama sisi."

Alipofika miaka kumi na saba, klabu moja ya daraja la pili ikamchukua. Alikaa huko miaka mitano akiwa kipa wa tatu. Kipa wa tatu hufanya mazoezi makali kuliko wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayepigiwa mashuti ya kila mtu anayetaka kujaribu bahati yake, halafu Jumapili huvaa koti akaenda kukaa jukwaani na wake za wachezaji. Katika miaka hiyo mitano alicheza mechi moja, ya kombe, mwezi wa Agosti, watu wakiwa likizoni. Walifungwa mbili kwa moja. Gazeti la kesho yake likamwita Marozzo. Elide alilikata hata hivyo, akalibandika juu ya cherehani, na ile herufi ya mwisho akairekebisha kwa kalamu.

Mwaka 1980 aliuzwa Valdarsa, mji wa viwanda vya karatasi kwenye bonde jembamba ambalo ukungu wake hauondoki hadi saa nne za asubuhi. Timu ilikuwa daraja la tatu. Kocha, Fosco Tellini, alikuwa mzee mkavu aliyetafuna mizizi mitamu ya susu kutwa nzima, na aliyetumia maneno kana kwamba yanauzwa. Enzi zile makipa hawakuwa na mwalimu wao. Mazoezi yalipokwisha, wengine wakienda kuoga, Tellini alimchukua Settimio nyuma ya kiwanda kimoja cha karatasi, kwenye ukuta wa mawe yaliyochongoka ovyo, akamsimamisha uso kwa ukuta, yeye akakaa nyuma yake na kuurusha mpira ukutani kupita juu ya bega la kijana. Mpira ulirudi upande wowote ulioupenda.

"Usibahatishe," Tellini alisema.

"Kocha, sijui utatokea wapi."

"Na mimi sijui. Daka."

Miezi minne baadaye Settimio akawa kipa wa kwanza wa Valdarsa, akabaki hivyo miaka saba.

Mbele yake alicheza Duilio Pasqualetti, beki wa kati na nahodha, mzaliwa wa hapo hapo Valdarsa, aliyemzidi Settimio miaka mitano. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya mnadani, na kila mtu mjini alimwita kwa jina la kwanza, kuanzia meya hadi watawa. Kambini walilala chumba kimoja.

"Jana umekoroma hadi picha ya Bikira imegeukia ukutani," Settimio alimwambia.

"Si mimi, ni wewe. Wewe unakoroma kwa kusikiliza."

Uwanjani hawakuhitaji mazungumzo. Krosi ikija, Settimio alipiga kelele neno moja tu, "Yangu!" na Duilio aliinama au alipisha bila kugeuka nyuma kuhakikisha. Kwa beki, kumpa kisogo kipa namna hiyo ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba. Settimio alipomwoa Loredana, mwalimu wa hisabati wa shule ya kati, mwaka 1983, shahidi wake wa ndoa alikuwa Duilio. Kanisani alimnong'oneza bibi harusi, "Shemeji, huyu usimrushie kitu chochote ukidhani hatakidaka," na Loredana, aliyekuwa hacheki ovyo, akacheka mbele ya madhabahu.

Hayo ndiyo yaliyokuwapo kabla ya Mei 1987.

Mwezi huo Valdarsa walikuwa katikati ya msimamo wa ligi, hawapandi wala hawashuki, na mechi zimebaki mbili. Jumapili walitarajia kuwakaribisha Sant'Erasmo, ambao wasiposhinda wangeshuka daraja. Alhamisi, baada ya mazoezi, Settimio alikuwa kwenye chumba cha tanuri ambako viatu vilianikwa, akifungua kamba zenye matope. Duilio akaingia, akafunga mlango, akaanza kugonganisha viatu vyake ukutani kung'oa udongo, ingawa udongo ulikuwa umeshatoka.

"Mwenyekiti wa Sant'Erasmo amenipigia simu," akasema.

"Anapenda simu yule mzee."

"Nisikilize basi. Msimu ujao ananitaka niwe kocha wao. Mimi nina miaka thelathini na nne, ndugu yangu, magoti yanalia kama mlango wa sakristia. Na wewe anakupa mkataba wa miaka miwili, mshahara mzuri kuliko huu wa hapa. Anachotaka ni mpira mmoja. Mmoja tu. Sisi hatupandi, hatushuki, nani ataumia?"

Settimio aliendelea na kamba zake hadi kiatu cha pili. Kisha akasema, "Sikusikia."

"Nasema hivi, mwenyekiti—"

"Duilio. Sikusikia. Na wewe hukusema."

Akachukua mfuko wake akatoka. Duilio alibaki na kiatu mkononi.

Kanuni ilikuwa wazi, na kila mchezaji aliitia saini mwanzoni mwa msimu: ukisikia mechi inauzwa, unasema. Ijumaa asubuhi Settimio alikwenda kwenye ofisi ya Tellini. Alikuwa ameyapanga maneno njiani kote. Mzee akainua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Nini?"

Settimio akaona maneno yake yote yana sura ya Duilio. "Bega, Kocha. Linauma kidogo."

"Bega gani?"

"La kulia."

"Lipake mafuta."

Jumapili mvua ilianza kabla ya misa ya saa tano, na hadi timu zinaingia uwanjani mbele ya magoli yote mawili palikuwa matope matupu. Sant'Erasmo walishambulia kama watu wanaofukuzwa. Kipindi cha kwanza Settimio alipangua mashuti matatu, moja kwa ncha za vidole, na mashabiki wa Valdarsa wakaimba jina lake. Mapumzikoni hakumtazama Duilio, wala Duilio hakumtazama.

Dakika ya sabini na moja, winga wa Sant'Erasmo aliyekuwa amechoka kabisa akapiga mpira kutoka mbali, zaidi kwa kutaka kuuondoa miguuni pake kuliko kwa kutaka goli. Ulikuja chini chini, taratibu. Settimio alipiga goti moja, akaweka mikono nyuma ya mpira kama alivyofanya mara elfu kumi. Mpira ukagusa viganja vyake, ukateleza, ukapita chini ya paja, ukaviringika hadi mstari na kuuvuka kwa urefu wa mkono mmoja. Ukasimama kwenye matope. Nyavu haukuzigusa.

Mashabiki wakatazamana. Hata wale wa Sant'Erasmo walimtazama refa kwanza, kama watu wanaoomba ruhusa ya kushangilia.

Mechi ikaisha hivyo, moja kwa bila. Sant'Erasmo wakabaki daraja la tatu. Settimio akiwa bado amesimama golini, Duilio alimjia, akamkumbatia shingoni na kumbana kwa nguvu kuliko kawaida.

Nyumbani Loredana alikuwa amekaanga zeituni zilizojazwa nyama, chakula cha Jumapili, na zikapoa mezani.

"Mpira ule hata mimi ningeudaka," alisema.

"Najua."

"Sasa ilikuwaje?"

"Uliteleza. Basi. Hakuna zaidi." Halafu akamweleza habari ya Alhamisi, yote, pamoja na bega.

Loredana alivua miwani. "Kesho asubuhi nenda ukaseme."

"Nikisema kesho, nani ataniamini? Walitaka goli moja, na goli moja nimewapa."

"Basi ungesema Ijumaa."

"Ijumaa ilikuwa Duilio."

"Ijumaa ilikuwa siku, Settimio. Siku ya kazi."

Hakwenda. Juni mwenyekiti wa Sant'Erasmo alimpigia simu, sauti imejaa asali, kumwuliza lini atakuja kutia saini. Settimio akamwambia amekosea namba. Duilio alikwenda Sant'Erasmo kuwa kocha, na siku ya kuaga alimshika Settimio mkono kwenye daraja la Valdarsa.

"Umekataa mkataba," akasema. "Umefanya vizuri. Mwerevu wewe kuliko mimi."

Settimio hakuona ni werevu gani uliokuwamo. Alidhani rafiki yake anajuta, akamwonea huruma kidogo.

Mambo yalifumuka majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, tena kwa njia ya pembeni. Wachunguzi waliokuwa wakimfuatilia mtu mwingine kwa kosa jingine walinasa simu za mwenyekiti wa Sant'Erasmo, na ndani yake mlikuwa na mechi kadhaa, mojawapo ile ya mvua. Barua zikatumwa. Mwezi wa Julai Settimio alipanda treni kwenda Roma akiwa amevaa suti yake ya harusi, akaketi katika ukumbi wa kamati ya nidhamu ambao madirisha yake yalikataa kufunguka.

Aliulizwa kama aliombwa aiuze mechi. Akajibu ndiyo. Kama alikubali. Hapana. Ilikuwaje basi akafungwa goli lile? Mpira uliteleza. Mtu fulani nyuma akakohoa kwa namna ya kicheko.

"Kocha wako anasema Ijumaa ile ulikwenda kwake kulalamikia bega," akasema mwendesha mashtaka, mwanamume mpole mwenye leso. "Bega lilikuwa linauma?"

"Hapana."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kumwambia."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia bega."

Mwendesha mashtaka akajipangusa shingo, akakaa. Ilionekana jibu lile limemgusa hata yeye.

Kisha akaitwa Duilio. Alikuwa amekonda. Alikubali kila kitu kinachomhusu, bila kupamba. Walipofika kwa Settimio alisimama wima, sauti yake ya mnadani ikarudi: "Marozzi alikataa. Nilimwomba, akakataa katakata. Alisema hataki hata kusikia. Goli lile ni la mvua." Settimio alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akimshukuru moyoni.

Hukumu ilitoka baada ya siku tisa. Mwenyekiti alifungiwa maisha, Sant'Erasmo wakashushwa, Duilio akapewa miaka mitano. Settimio alisafishwa kosa la kuuza mechi. Kwa kosa la kunyamaza alifungiwa kucheza miezi minane.

Valdarsa hawakumsubiri. Walimwandikia barua fupi ya kumtakia kila la heri, na wakaleta kipa mwingine. Huko Montevalle habari ilifika ikiwa imenenepa, na Elide akapiga simu.

"Mwanangu, huku wanasema ulikula."

"Sikula, mama."

"Najua hukula. Ungekula, Loredana angekuwa na jiko jipya. Nimewaambia hivyo hivyo. Wengine wamecheka. Wengine waliokuwa wakija kushona kwangu wamekwenda kwingine, na waende."

Asubuhi alibeba maboksi katika ghala la mjomba wa Loredana. Jioni alikimbia barabara ya bonde hadi kijiji cha juu na kurudi. Lakini kipa hawezi kujipigia mashuti mwenyewe, na hakuna mchezaji wa klabu aliyetaka kuonekana naye. Kwa hiyo Jumamosi alasiri, kwenye kiwanja cha shule, aliyempigia mashuti ni mwalimu wa hisabati aliyevaa viatu vya kazini.

"Piga kwa nguvu," alisema kutoka golini.

"Nimepiga."

"Mpira haujafika."

"Basi sogea."

Kufikia Desemba mpira ulikuwa unafika. Kufikia Machi Loredana alikuwa na shuti la mguu wa kushoto ambalo Settimio, kwa kinywa chake, alisema si la mchezo, na mara moja lilimvunja kidole cha pete. Daktari wa zamu alipouliza ni nani aliyepiga, Settimio akasema ni mshambuliaji wa mjini.

Adhabu ilipokwisha alikuwa na miaka thelathini na moja. Klabu pekee iliyompokea ilikuwa Roccaspina, daraja la nne, milimani, ambako uwanja ulikuwa na mteremko unaoonekana kwa macho na mshahara ulifika ukitaka wenyewe. Mashabiki wa huko hawakumwuliza kitu. Wa ugenini ndio waliokuwa wamejiandaa. Mechi yake ya kwanza nje, mara tu aliposimama golini, kitu cheupe kikaruka kutoka jukwaani kikaanguka miguuni pake. Halafu kingine. Ilikuwa miche ya sabuni.

"Settimio! Hiyo ya jana imeisha, chukua nyingine!"

"Nawa mikono, muuza mechi!"

"Iteleze na hii!"

Refa akasimamisha mchezo, akamwendea. "Unataka niwatoe?"

"Wa nini? Tucheze."

Walishinda mbili kwa bila. Baada ya filimbi Settimio alichukua mfuko wake wa taulo, akaokota miche yote mmoja mmoja, ishirini na mitatu, akaenda nayo nyumbani. Juma lililofuata, kwingine, ikawa hivyo hivyo. Jambo lile lilidumu misimu mitatu, na katika misimu hiyo Loredana hakununua sabuni. Alilalamika mara moja tu, kwamba watu wa mji fulani wanarusha za bei rahisi zinazokausha ngozi.

Usidhani hakuumia. Kulikuwa na siku ambazo mpira mwepesi kama ule wa mvua ulimjia, na kabla haujafika alisikia uwanja mzima unavuta pumzi, ukingoja. Siku hizo alilala juu ya mpira kwa mwili wote, kama mtu anayemlalia kuku, na kuchelewa kuinuka. Hakufungwa tena goli la namna ile. Alifungwa ya namna nyingine mengi, kama kila kipa.

Mwaka 1992 ilikuja sheria mpya: beki akimrudishia kipa mpira kwa mguu, kipa haruhusiwi kuushika kwa mikono. Makipa wengi wa rika lake waliona huo ndio mlango wa kutokea. Settimio, mwenye miguu ile ile iliyomtoa kwenye ubeki, alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijifunza pigo moja, la kuupeleka mpira juu jukwaani, na alilitumia bila aibu. Kocha wa Roccaspina alimwomba ajaribu walau kuutuliza kwanza. "Kocha," akamwambia, "nikiutuliza tutatulia wote." Hawakulizungumza tena.

Novemba 1994 Fosco Tellini akafariki, na Settimio akashuka Valdarsa kwa mazishi. Kanisani watu walijaa hadi ngazi za nje. Misa ilipokwisha alihisi mtu amesimama ubavuni pake, akamjua kabla hajageuka, kwa upana wa kivuli. Duilio alikuwa na mvi kichwa kizima. Siku hizi, akasema, anauza vitambaa vya kukingia jua mbele ya maduka, kazi si mbaya. Walikuwa hawajaonana tangu Roma.

Wakaingia kwenye baa ya darajani, wakaagiza kahawa yenye tone la pombe ya anisi. Walizungumza habari za Tellini, na ule ukuta wake.

"Kule Roma," Duilio akaanza, akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari, "niliapa uongo kwa ajili yako. Sikwambii ili unishukuru. Basi tu, mzee amekufa, nimeona niseme."

"Uongo gani?"

"Kwamba ulikataa."

Settimio aliweka kikombe chini. "Nilikataa, Duilio."

"Ulisema hukusikia."

"Ndiyo. Maana yake sitaki."

"Kwangu mimi maana yake ilikuwa: nyamaza, kuta zina masikio, tumeelewana. Nikaondoka pale moyo mweupe. Na Jumapili ukauachia ule mpira. Nikasema, kumbe huyu ndugu yangu alinisikia vizuri sana."

"Uliteleza."

"Settimio. Ule mpira ulikuwa unatembea."

"Ulikuwa unatembea, na uliteleza."

Duilio alimtazama muda mrefu, kama watu walivyomtazama kwenye ukumbi ule usiofunguka madirisha. Kisha akavua miwani akaiweka juu ya meza, akajifinya pua kwa vidole viwili.

"Miaka yote hii," akasema, "katika jambo lile zima, kulikuwa na kitu kimoja kizuri nilichokifanya. Kimoja. Usiku nikikosa usingizi nilijiambia, walau rafiki yako ulimwokoa, ulitia roho yako dhambini ukamwokoa. Kumbe nilikuwa nasema kweli tu."

Settimio aliitafuta hasira, hakuiona. Alichokiona ni kwamba mtu pekee aliyesimama mbele ya kamati kumtetea hakuwa akimwamini, na kwamba utetezi wake ulifaa vile vile. Nje kengele ya kanisa ilikuwa bado inagonga kwa ajili ya Tellini, na mhudumu wa baa akafunga mlango kwa sababu ya baridi.

Jioni alimsimulia Loredana.

"Na sasa je, anakuamini?"

"Sijui. Kahawa alilipa yeye."

Baada ya hapo walionana mara moja au mbili kwa mwaka, kwenye harusi na misiba. Walizungumza vizuri. Kuhusu mechi ile hawakurudia.

Settimio alicheza hadi miaka arobaini na mmoja. Roccaspina walipofilisika alikwenda kwingine, na kwingine, kila mara chini kidogo, hadi timu za watu wanaofanya kazi mchana na mazoezi jioni. Mechi zake zote ni mia nne na kumi na mbili, ukiacha ile ya kombe ya Agosti ambayo vitabu vingine haviihesabu. Elide aliishi hadi kuona nyingi kati ya hizo, akivaa kofia ya sufu hata mwezi wa Mei, na Guerrino, ambaye hakuwahi kukiri kitu, alikutwa baada ya kufa kwake na tiketi sitini na nne ndani ya boksi la viatu. Mwisho haukuwa na sherehe. Goti lilivimba Jumanne moja, Alhamisi halikuwa limepungua, akamwambia kocha atafute mtu.

Sasa anafundisha makipa wa klabu tatu za bonde lile, wanaume na wanawake, na analipwa na mbili kati ya hizo. Mwaka mmoja chama cha mkoa kilimwalika azungumze na makipa wa madaraja ya chini kuhusu wajibu wa kutoa taarifa. Walimtengea saa nzima. Alisimama mbele ya ukumbi, mikono nyuma, akawaambia yaliyompata, kuanzia chumba cha tanuri hadi miezi minane, akamaliza: "Mkisikia, semeni siku hiyo hiyo. Kesho yake inakuwa ngumu mara mbili." Zilikuwa zimepita dakika sita.

Kipa mmoja mwenye ndevu, fundi bomba kwa kazi, akanyoosha mkono. "Na kama aliyekuomba ni rafiki yako?"

Settimio alifikiri. Waliokuwa mbele walimwona akigeuza pete kwenye kile kidole kilichowahi kuvunjika.

"Atakuwa rafiki yako," akasema. "Mtu usiyemjua atakuombaje?"

Hapakuwa na swali jingine. Wakapewa kahawa na biskuti dakika hamsini kabla ya wakati. Mwaka uliofuata chama kilimwalika mwanasheria, akazungumza saa moja na nusu, na Settimio akapata nafasi ya kuwa uwanjani, ambako siku hiyo kulikuwa na upepo mzuri wa kufundishia krosi.